Kutoka Matogoro hadi Ziwa Nyasa: siku saba za familia za Lizaboni

Mvua inyeshayo juu ya Milima ya Matogoro, pembezoni mwa mji wa Songea, haina njia moja ya kufikia bahari. Sehemu yake huwa Mto Ruvuma, unaoanzia humo humo, ukashuka na kuwa mpaka wetu na Msumbiji, mwendo wa takribani kilometa 800 hadi Bahari ya Hindi. Sehemu nyingine huingia Mto Luegu, ambao hukutana na Kilombero na kuunda Rufiji, na kumwagika mkabala na kisiwa cha Mafia. Na msafiri atokaye hapa kwenda magharibi, akavuka nyanda za juu za Umatengo, hukutana na maji ya tatu: Ziwa Nyasa, ambalo hutoa maji yake kwa Mto Shire, nao ukayapeleka Zambezi, hadi bahari ile ile. Mabonde ya mito mitatu mikubwa yanagawana ardhi ambayo basi la abiria huivuka kwa siku moja.

Hayo yamo katika vitabu vya jiografia vya watoto wetu, nao huyakariri vizuri wakati wa mitihani. Lakini uliza katika nyumba kumi za Lizaboni ni nani aliyewahi kusimama juu ya Matogoro akautazama mji wake kwa chini. Jibu litakalokuja aghalabu ni la mtu aliyekwenda kutafuta kuni, au aliyepelekwa na shule miaka mingi iliyopita. Milima tumewaachia wageni wenye mabegi mgongoni, na ziwa tumewaachia wavuvi.

Kikundi cha matembezi ninachokiandikia hapa hakikuanzishwa kwa ajili ya milima. Kilianza kwa kisukari. Wazee watatu wa mtaa mmoja wa Lizaboni waliambiwa na daktari kwamba dawa peke yake haitatosha, ni lazima watembee. Wakaanza kutembea Jumapili baada ya swala ya Alfajiri, mwanzoni hadi sokoni na kurudi, kisha hadi nje ya mji. Baada ya miezi miwili wake zao wakauliza kwa nini sukari iwe ni maradhi ya wanaume tu. Wakajiunga. Watoto wakafuata, kwa kuwa hakuna aliyebaki nyumbani wa kuwapikia chai. Ilipofika likizo ya Juni, kikundi kilikuwa na familia sita, watu 21, mdogo wao mwenye miaka tisa na mkubwa wao bibi mwenye miaka sabini na miwili. Hakina jina rasmi, hakina fulana, hakina mweka hazina aliyesomea. Kina daftari moja la michango na mtu mmoja aliyekubaliwa kuwa amiri.

Suala la amiri linastahili maneno zaidi, kwa sababu safari nzima ilikuja kusimama juu yake. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba watu watatu wakisafiri, huteua mmoja wao kuwa kiongozi. Tunalifahamu fundisho hilo, na katika misafara yetu ya mabasi ya harusi na maulidi tunalitekeleza kwa namna ya kumpa mtu heshima: anaketi kiti cha mbele na kusoma dua. Mlimani heshima hiyo haitoshi. Huko amiri ndiye anayeamua saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika, na zaidi ya yote, lini kundi lisiende. Tulimteua mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mpole anayependa kunyamaza, na nadhani wengi walimchagua kwa sababu hiyo hiyo ya upole. Walidhani hatawazuia kitu.

Kanuni yake ya kwanza ilitushangaza. Alisema mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote ndiye atakayetangulia. Vijana waligunguna, maana kila mmoja alijiona ndiye wa kufungua njia. Lakini ukitafakari, kanuni ni ya haki. Kundi linaloongozwa na mwenye nguvu hunyooka na kukatika; wa nyuma hufika mahali pa kupumzikia pale ambapo wa mbele wameshapumzika na wanasimama kuondoka, hivyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kamwe. Bibi akawekwa mbele pamoja na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuja kama mahram wake, na nyuma kabisa akawekwa baba mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutompita mtu yeyote.

Kuhusu mavazi, akina mama wa ukurasa huu wataniwia radhi nikieleza jambo ambalo wao walilitatua bila msaada wetu. Baibui refu ni vazi la stara sokoni, lakini kwenye mteremko wenye mizizi na mawe huwa mtego wa miguu. Fundi cherehani mmoja wa mtaani aliwashonea suruali pana zisizobana, na juu yake gauni lililoishia chini kidogo ya goti, lenye mpasuo ulioshonewa kitambaa ndani ili mguu upate nafasi bila mwili kuonekana. Mitandio ilikuwa ya pamba, si ile laini inayoteleza kila upepo unapovuma. Kila mtu alibeba sweta na kanga au kikoi, viatu vyenye soli yenye meno, chupa mbili za maji na mswala mwepesi. Kipupwe cha Songea si cha kufanyia mzaha. Asubuhi za Juni mtu huona pumzi yake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Matogoro, kwa makusudi ya kupima miguu kabla ya kwenda mbali. Msitu ule ni wa hifadhi, hivyo tuliomba ruhusa kwa wahifadhi kabla. Njia inapanda kwa upole katika miti ya miombo, kisha inachongoka. Bibi alikwenda hatua kwa hatua huku akitaja majina ya miti kwa Kingoni, na vijana waliokuwa wakilalamika dakika ishirini zilizopita wakaanza kumuuliza huu ni upi na ule unatibu nini. Saa nne asubuhi tulikuwa juu. Mji wote ulikuwa chini yetu: mabati yaking'aa, moshi wa majiko, na upande wa Lizaboni watoto wakibishana ni paa lipi la nani. Mwalimu aliwaonyesha mahali Ruvuma unapotokea, kijito ambacho mtu mzima anakiruka bila kukunja suruali. Alipowaambia kwamba huo ndio mto unaoonekana kama bahari kule Mtwara, mtoto wa miaka tisa alikataa kabisa kuamini, na sikumlaumu.

Kutoka juu huonekana pia kilima cha Chandamali, ambacho pango lake hutajwa kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano wakati wa Vita vya Majimaji. Mji huu umechukua jina lake, na katika Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, wamezikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani. 67 kati yao walinyongwa siku moja, Februari 27, 1906. Wasomaji wa Songea hawahitaji kusimuliwa zaidi. Nimelitaja kwa sababu vijana wetu, waliokwisha kutembelea makumbusho hayo mara kadhaa, walisema hawakuwahi kufikiri kwamba vita ile ilipiganwa na watu waliopanda milima hii kwa miguu, bila viatu, usiku.

Adhuhuri tuliswali kule kule juu, rakaa nne kamili. Palitokea mjadala mfupi, kijana mmoja akidai kwamba sisi ni wasafiri na tunaruhusiwa kupunguza. Mwalimu alicheka: paa la nyumba yako unaliona, safari gani hiyo? Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, umbali unaoruhusu kupunguza swala ni kama kilometa 80, na Matogoro ni jirani. Ruhusa hiyo tuliipata kesho yake, kwa kuwa Mbinga ni takribani kilometa 100 kutoka Songea.

Njia ya Mbinga sitaisimulia sana. Ni lami, basi linakwenda vizuri, unapita Kigonsera na Kitai, na abiria wengi wanasinzia. Mambo huanza baada ya Mbinga mjini, mara tu ukiiacha barabara kuu na kuingia katika vilima vya Umatengo kwa miguu.

Huko macho ya kwanza hayaelewi yanachokiona. Miteremko mikali, ambayo kwingineko ingeachwa kuwa malisho ya mbuzi, yote imefunikwa na mashimo ya mraba yaliyopangwa kama mshono wa mkeka, safu juu ya safu, hadi kileleni. Wenyeji wanayaita ngoro. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatizana, hata uso wa mlima ukawa kama ubao wa dama. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya zile nyasi. Panapochimbwa hubaki shimo, na pande zake nne hubaki matuta ambayo ndani yake kuna nyasi zinazooza taratibu na kugeuka mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua inaponyesha, maji hayapati njia ya kuteremka kwa kasi na kubeba udongo. Kila shimo hushika sehemu yake, likayanywesha ardhini polepole.

Husimuliwa kwamba Wamatengo walibanwa milimani katika karne ya 19, walipokimbia mapigano ya Wangoni, wakalazimika kulisha watu wengi katika ardhi ndogo na ya kuporomoka. Wataalamu wa kilimo kutoka nchi za mbali, wakiwemo Wajapani, wamekuja kuyachunguza mashimo hayo na kuyaandikia vitabu. Sisi wa Songea, ambao mababu zetu kwa upande mmoja ndio waliowakimbiza wenzao hadi huko, tunakula maharage ya Mbinga kila juma bila kujua yanalimwaje. Bibi yetu, ambaye ni Mngoni halisi, alikaa kwenye ukingo wa shimo moja kwa muda mrefu. Mwenyeji wetu alipomweleza kwamba kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio wachimbao, alimtazama mlima mzima kuanzia chini hadi juu, akasema: "Basi mlima huu ni wa wanawake." Mwenyeji akacheka, mkewe hakucheka.

Mwenyeji huyo ni mkulima wa kahawa, na ni Mkristo, kama walivyo wengi wa eneo lile. Tulikuwa tumepatana naye kupitia jamaa wa mmoja wetu kwamba tutalala uani kwake usiku wawili, wanawake katika nyumba kubwa na wanaume katika ghala la kahawa. Ilikuwa msimu wa kuchuma. Mibuni ilikuwa imesheheni matunda mekundu, na vichanja vya kukaushia vilijaa kahawa iliyokwisha kumenywa. Watoto walipewa kazi ya kuokota mbovu, wakaifanya kwa bidii ambayo mama zao hawajawahi kuiona nyumbani. Jioni mzee alikuja na jogoo wawili hai, miguu yao imefungwa kwa kamba ya mgomba, akawakabidhi kwa Mwalimu pamoja na kisu kipya. Hakusema neno la maelezo. Alikuwa akijua kwamba tutataka kuchinja wenyewe, na tena alikuwa amemwazima jirani sufuria mpya kwa ajili yetu ingawa tulikuja na zetu. Nimekula karamu nyingi maishani. Chache zilizonifundisha ukarimu kama jogoo wale wawili.

Usiku wa Umatengo ni baridi kali. Wanaume tulilala tumebanana, na harufu ya kahawa mbichi ilituingia hadi kwenye nguo. Alfajiri ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, vilele vikiwa vimesimama juu yake kama visiwa. Tulitembea siku mbili katika vilima hivyo, kiasi cha saa tano kwa siku, tukishuka mabondeni na kupanda tena. Kijana mmoja aliteguka kifundo cha mguu siku ya pili kwa sababu ya kuruka ruka. Alifungwa bandeji, akakatiwa mkongojo, na kwa saa mbili zilizobaki akawekwa mbele pamoja na bibi, akaenda kwa mwendo wa bibi. Sidhani kama kuna adhabu aliyoiona kuwa kubwa zaidi.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa 66, na miaka michache iliyopita ilikuwa njia ya kuogopwa, gari likikwama siku nzima wakati wa mvua. Sasa ni lami tupu inayojizungusha milimani. Tulikodi gari, lakini Mwalimu alimwomba dereva atushushe mahali ambapo ziwa huonekana kwa mara ya kwanza, ili tuteremke sehemu kwa miguu. Unakata kona kama zilizotangulia, na ghafla ardhi inakwisha. Mbele yako hakuna tena mlima. Kuna buluu inayopanda hadi kukutana na mbingu, na huwezi kusema mpaka uko wapi. Mama mmoja aliyezaliwa Lizaboni na kulelewa Lizaboni aliketi chini barabarani akalia. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Ziwa lile limo katika Bonde la Ufa, na uso wake uko chini ya meta 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kina chake kinafika takribani meta 700. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa iko chini kuliko uso wa bahari ya Dar es Salaam. Huko chini kabisa hakuna pumzi ya kutosha kwa samaki; maji ya vilindini hayachanganyiki na ya juu, na viumbe karibu vyote huishi katika meta 250 za mwanzo. Lakini katika tabaka hilo la juu kuna mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Watoto waliwaona wale wadogo wa rangi ya samawati na njano wakizunguka miamba ya ufukweni, katika maji maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto. Mvuvi mmoja aliwaeleza kwamba mama wa samaki wale hutunza mayai kinywani, na vifaranga vikishaanguliwa huendelea kuvihifadhi humo humo, na muda wote huo yeye hali au hula kidogo mno. Jioni ile, wakati wa chakula, mtoto wa miaka tisa alimwuliza mama yake kama na yeye aliwahi kukaa na njaa kwa ajili yake. Mama alimjibu ale samaki wake anyamaze.

Samaki tuliyekula alikuwa mbasa, aliyechomwa juu ya makaa na kuliwa na ugali wa muhogo. Nasema kwa uadilifu kwamba baada yake sangara wa dukani hana la kuniambia.

Kuhusu kuoga: ziwa lina kichocho, hasa penye matete na maji yaliyotulia. Tulioga mahali peupe penye mchanga na mawimbi, kwa muda mfupi, na tuliporudi Songea tulikwenda kupimwa. Akina mama na wasichana walipata kijighuba kilichozingirwa na miamba mikubwa, wakaweka zamu ya ulinzi. Kwa swala, ukisimama ufukweni hapo kuelekea kibla, ambacho ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo, ziwa lote huwa mkono wako wa kushoto, na Magharibi jua huzama ndani yake upande wa Malawi. Ijumaa tuliswali na wenyeji msikitini, ingawa kwa msafiri si wajibu.

Sasa niseme kuhusu mtumbwi.

Mwalimu ndiye aliyechokoza jambo lenyewe bila kujua. Usiku wa kwanza Mbamba Bay alisimulia habari za Liuli, iliyo kaskazini, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na ile sanamu ya Misri. Hapo, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades, na hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Alikuja juu kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Vijana walicheka, na asubuhi wakatujia na mpango ulio tayari: wamepatana na mwenye mtumbwi wa injini, bei nafuu, kwenda kuuona mwamba ule na kurudi kabla ya Magharibi. Walikuwa watano, pamoja na baba wa wawili kati yao, mtu mzima mwenye duka lake, ambaye naye alitamani sana kwenda.

Mwalimu aliuliza idadi ya majaketi okozi. Mawili. Akauliza wangapi wanajua kuogelea. Mmoja. Akasema hapana.

Baba yule alijibu kwa adabu, lakini hakukubali. "Mwalimu, watu wa hapa wanasafiri hivyo kila siku, na watoto wao wachanga. Ziwa limetulia kama maji ya kwenye bakuli. Sisi tumetoka Lizaboni kuja kuona, au kuja kuonyeshwa kwa mbali?" Na kwa kweli ziwa lilikuwa limetulia. Mwalimu akaeleza kwamba miezi hii, kuanzia Mei hadi Agosti, huvuma upepo wa kusini-mashariki ambao watu wa ziwa huuita mwera, na kwamba huja bila barua. Alitaja meli ya Vipya, iliyozama katika ziwa hili Julai 30, 1946, ikaondoka na watu 145. Nayo ilikuwa meli ya chuma, mpya, yenye nahodha. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu karibu yetu aliulizwa maoni. Alisema asubuhi kama ile yeye angekwenda. Kisha akaongeza kwamba yeye amezaliwa mtumbwini, na mwanawe mmoja hakurudi.

Tulishauriana karibu saa nzima. Wapo waliosema amiri akishatoa uamuzi, shauri limekwisha. Wapo waliosema mtu mzima hawezi kukatazwa na mtu mzima mwenzake mbele ya watoto wake. Bibi alinyamaza hadi mwisho, akamwambia yule baba: "Mwanangu, mimi nimetembea siku nne nikiwa mbele yenu. Mngeweza kunipita kila saa. Hamkunipita." Baba yule aliondoka kwenda kukaa peke yake kwenye mwamba. Mtumbwi haukwenda.

Na upepo haukuja. Siku ile yote ziwa lilikaa kimya, jioni likawa kama kioo, na mitumbwi ya wenyeji ilipita mbele yetu ikienda na kurudi, watu wakitupungia mikono. Vijana hawakusema neno, lakini kila mtumbwi ulipopita walimtazama Mwalimu. Yeye alikuwa akisoma gazeti la wiki mbili zilizopita.

Nimeisikia hoja mitaani tangu turudi kwamba siku ile ilithibitisha kuwa alikosea. Siioni hivyo. Mtu anayekataa kupanda gari lisilo na breki hahitaji gari hilo lipinduke ndipo awe sahihi. Majaketi yalikuwa mawili kwa watu sita. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa nayo asubuhi ile, na kwa habari hiyo aliamua. Lakini ninaelewa pia uchungu wa yule baba. Safari kama hii familia ya kawaida ya Lizaboni huidundulizia mwaka mzima, na hakuna ajuaye kama mwakani afya na mfuko vitaruhusu. Kukatazwa jambo na mtu uliyemchagua mwenyewe kuna uchungu wake, ambao ni tofauti na kukatazwa na askari.

Siku ya saba tulirudi Songea kwa gari moja kwa moja, wengi wakiwa wamelala. Sukari za wale wazee watatu zilipopimwa juma lililofuata zilikuwa zimeshuka, ingawa mmoja wao alikiri kwamba hali hiyo haikudumu zaidi ya sherehe mbili za harusi. Wasichana wawili wameanza kuandika orodha ya majina ya miti ya Matogoro kwa Kingoni, wakimfuata bibi nyumbani kwake kila Alhamisi. Familia ya yule baba haikuonekana katika matembezi ya Jumapili kwa muda wa majuma matano.

Juma la sita walikuja. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, ila njiani yeye mwenyewe alimwambia Mwalimu kwamba mwakani, kama safari itakuwa ya Liuli, iwe kwa barabara, au majaketi yanunuliwe kutoka mfuko wa kikundi na watoto wafundishwe kuogelea kwanza. Na kwamba kwa vyovyote suala hilo liamuliwe hapa hapa Lizaboni, kabla ya mtu yeyote kufunga mzigo. Mwalimu aliandika maneno hayo kwenye daftari la michango. Kikao kimepangwa kufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei, baada ya Isha, uani kwa bibi.